Kaunta ya Sentimita

Kaunta ya jikoni kwa dada yangu ilipasuliwa na kichwa chake. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu watu wa mtaa wao walipenda kuzungukazunguka: mara vigae vilikuwa vibovu, mara fundi alikula saruji, mara nyumba imekaa upande. Vigae vilikuwa vizima. Shemeji alimkamata dada nywele za kisogoni akamgongesha paji la uso kwenye ukingo wa kaunta, akamgongesha tena, na mara ya tatu vigae vikaachia, vikaporomoka sakafuni pamoja naye. Kosa lake lilikuwa chumvi. Wala haikuzidi. Ilipungua, na dada akamwambia mumewe aongeze mwenyewe, kikopo kiko mbele yake.

Nilifika asubuhi ya pili yake kuchukua nguo. Mimi ni dobi, nina kibanda changu cha kufua na kupiga pasi upande wa pili wa mji, na kila wiki nilikuwa napita kwa dada kuchukua mashati ya shemeji, maana bwana mkubwa hataki shati lililokunjamana hata kwa dawa. Nilimkuta dada amepiga magoti jikoni anaokota vipande vya vigae kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshikilia taulo kichwani. Jicho la kushoto lilikuwa limejifunga kabisa.

"Usikanyage hapo," akaniambia. "Vina makali."

"Umeenda hospitali?"

"Nimeenda. Nimeshonwa."

"Ukawaambia nini?"

"Nimeanguka jikoni."

"Na muuguzi akasemaje?"

"Akasema jiko langu lina utelezi sana, maana hii ni mara ya ngapi sijui naanguka."

Nilimnyang'anya lile taulo nikalitia kwenye ndoo ya maji baridi. Damu huoshwa kwa maji baridi. Ukiikimbiza na maji ya moto umeipikia humo humo. Nguo za nyumba ile zilinifundisha hilo kuliko nguo za mahali pengine popote.

Dada yangu tangu utotoni tulimwita Sentimita. Alikuwa akikutazama tu unavuka uwanja anakutajia kiuno chako, na ukienda kupima unakuta hajakosea. Alijifunza kushona kabla hajamaliza shule, akafungua chumba chake, akashona sare, akashona magauni ya maharusi, akashona suti ya mtu mwenye bega moja limeshuka na mtu akatoka pale kanyooka. Kukosea kipimo kwake ilikuwa aibu kama kutoka nje bila nguo. Kisha akaolewa.

Shemeji ni msimamizi wa ghala, mtu wa salamu nzuri na viatu vinavyong'aa. Mwaka wa kwanza wa ndoa alipita kwenye chumba cha ushonaji akamkuta mkewe anampima mteja wa kiume urefu wa suruali. Alikwenda nyumbani, akarudi na shoka, akaipasua meza ya kukatia vitambaa mbele ya mteja, vipande vikaruka mpaka barabarani. Mteja alikimbia na pini zake kiunoni. Tangu siku hiyo dada hakushona tena ila vifungo vya mumewe. Mkasi wake mkubwa aliuviringisha kwenye kitambaa chenye mafuta akauzika kwenye ndoo ya unga, chini kabisa, na kila mwezi aliutoa, akaufuta, akaurudisha. Mimi peke yangu nilijua.

Sasa nikwambie desturi ya nyumba ile, maana bila hiyo huwezi kuelewa. Shemeji akishapiga, hutengeneza. Haombi radhi, haleti maua, haketi chini akasema neno; anakwenda duka la vifaa vya ujenzi. Alipomvunja dada mfupa wa bega, ukaja mlango mpya wa mbele, wa mbao nzito, una nakshi. Alipomng'oa jino, yakaja madirisha ya vioo na fremu za alumini nyumba nzima. Kwa ile mimba iliyotoka baada ya teke, akapaua upya, mabati ya rangi nyekundu. Sinki jipya lilikuwa kidole. Taa ya ukumbini ilikuwa sikio, na sikio lenyewe mpaka leo linasikia nusu. Ukiijua hesabu hiyo huwezi kukaa kwenye nyumba ile ukanywa hata maji.

Wasioijua walikuwa wanaisifia. Majirani walimwita Bwana Ukarabati, na wanawake walikuwa wakiwasema waume zao, tazameni mwenzenu anavyoijali nyumba yake. Mama yetu mzazi naye alikuwa humo humo. Dada alipowahi kutoroka na khanga moja tu begani akaja kwa mama, mama alimpa chai, akamsikiliza, akafuta machozi yake na ya mwanawe, kisha akamrudisha mwenyewe kwa miguu. "Mwanangu, utaachaje nyumba kama ile," alimwambia. "Jikaze." Walipofika mafundi walikuwa juu ya paa tayari. Mama akasimama uani akatazama bati jekundu, akatabasamu. Nilimpenda mama yangu, lakini siku ile nilitamani bati moja limdondokee.

Na kitu kimoja nilikigundua mapema. Kadiri miaka ilivyokwenda, matengenezo yalizidi kuwa rahisi. Jino la kwanza lilileta madirisha ya nyumba nzima. La pili lilileta kopo la rangi. Mwili wa dada yangu ulikuwa unashuka bei, na shemeji alikuwa akilalamika kuwa vifaa vimepanda. Kwa hiyo niliposikia alichosema kuhusu kaunta, damu ilinichemka.

"Kasema nitafute nyingine," dada aliniambia akiwa bado amepiga magoti. "Ghalani wana mzigo mwingi, hana nafasi. Nichague mwenyewe, yeye atalipa. Ila iwe ya bei nafuu."

"Kichwa kimepasuka, halafu iwe ya bei nafuu?"

"Ndiyo mara ya kwanza ananiachia nichague," akasema, na kwa lile jicho moja lililobaki wazi aliniangalia vibaya. "Kesho twende wote."

Tulikwenda. Dada alijifunga mtandio mpaka kwenye nyusi na kuvaa miwani myeusi, lakini uvimbe hauna adabu, ulitokeza kando. Duka lile lilikuwa kubwa, limejaa mabomba na milango iliyosimamishwa isiyoelekea popote. Muuzaji alikuwa mzee mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Alimtambua dada mara moja.

"Karibu, mama. Wateja wetu wakubwa nyie. Leo tunatengeneza nini?" Kisha akauona uso. "Pole. Ajali?"

"Jikoni," dada akasema. "Nataka ya kuweka juu ya kabati. Ya bei nafuu."

Mzee alituzungusha. Alianza na marumaru, wauzaji wote huanza na kile usichokiweza. Nyeupe, ina mishipa ya kijivu, ukitazama unajiona. Akasema ina kasoro zake: ndimu huiunguza, na kitu kizito kikiangukia kona inameguka. Akatupeleka kwenye graniti. Hiyo, akasema, haiogopi kitu, unaweza kuipiga nyundo. Dada alipitisha kidole kwenye ukingo wake, polepole, akafika kwenye kona, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Mimi nikaangalia pembeni.

"Vigae ndivyo rahisi kuliko vyote," mzee akaendelea.

"Hivyo nimeshavijaribu," dada akasema.

Ilinitoka kicheko, Mungu anisamehe. Ni kicheko cha kilio, lakini kilitoka.

Kulikuwa na ubao wa kushindiliwa uliobandikwa juu fomaika, ile ngozi nyembamba ya plastiki, unafuu wake mzuri, ila mzee mwenyewe alikiri kwamba maji yakiingia kwenye maungio unavimba na fomaika inabanduka. Kulikuwa na bamba la chuma kisichoshika kutu, lile la migahawani. Mzee aliligonga kwa kifundo cha kidole na duka zima likalia. "Ubaya wake ni kelele," akasema. "Ukigonga kitu hapa, mtaa mzima unasikia." Dada alisimama pale muda kidogo kuliko kwingine kote. Najua aliwaza nini, nami niliwaza hilo hilo.

Mwisho kabisa, nyuma ya rundo la milango, palikuwa na mbao ngumu za vipande vilivyounganishwa kwa gundi na kupigwa msasa. Zilibaki kwenye oda ya hoteli fulani; rangi hazikulingana, kipande kimoja cheupe kingine chekundu, hoteli ikazikataa, na duka likashusha bei ili zitoke. Dada aliinama. Alivua mtandio, uso ukabaki wazi na nyuzi zake za kushonwa, wala hakujali. Akautandaza mtandio juu ya ubao, akauvuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukunasa popote. Akauvuta tena kwenye ukingo. Akapiga chabo kwa jicho moja zima kuona kama ubao umenyooka.

"Hii," akasema.

"Una jicho, mama," mzee akamsifu. "Nikupigie randa kona ziwe za mviringo? Watoto wasiumie."

"Kona ziache. Huu upande mrefu ndio uwe umenyooka kabisa."

Mzee akachukua kalamu akauliza kipimo. Dada akakitaja. Nilifungua mdomo. Kaunta ya pale kwao naijua, ipo kati ya sinki na mlango, hata ukilaza mtoto mkubwa miguu inaning'inia. Kipimo alichotaja kilikuwa mara mbili yake, na upana wake ungeziba mlango. Kabla sijatoa sauti kisigino cha dada kilikuwa kimeshatua juu ya vidole vyangu vya mguu.

Tulipotoka nje nilichechemea mpaka kivulini. "Wewe ni Sentimita," nikamwambia. "Umekosea vipi?"

"Sijakosea. Hiyo si ya jikoni. Ni meza ya kukatia."

Chumba kilichopakana na kibanda changu cha udobi kilikuwa kimechukuliwa na mpangaji ambaye hakuna aliyemwona. Mwenye nyumba alisema atahamia karibuni, ni mtu mtulivu. Nilikuwa nimeshamkasirikia mpangaji huyo kwa kukaa na chumba kitupu. "Mpangaji ni mimi," dada akasema. "Na huko ndiko wataipeleka. Nimeshamwandikisha mzee mahali pa kushusha."

Nikamuuliza kwa nini asitoke leo, sasa hivi, hivi alivyo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilishatoka na khanga moja, nikarudishwa na khanga hiyo hiyo. Nikitoka na kazi sirudi." Akavaa miwani yake. "Na safari ijayo nitakufa, mdogo wangu. Safari hii kaunta ilipasuka kabla ya kichwa. Nyingine akinunua mwenyewe, atanunua graniti."

Siku zilizofuata niliingia kwa dada mara nyingi kuliko kawaida, na kila nilipotoka nilikuwa na mfuko wa nguo chafu begani. Mfuko wa dobi hakuna anayeuchungulia. Juu niliweka mashati ya shemeji, chini magauni ya dada, viatu vyake, vyeti vyake, picha ya baba yetu. Mashati yalirudi yamenyooka kama karatasi. Vingine havikurudi. Shemeji hakuona kitu, maana katika kabati lile la nguo alikuwa anatazama upande wake tu. Alikuwa akiuliza kaunta inakuja lini, na jikoni aliruka lile pengo kama anaruka dimbwi.

Tulichagua Jumamosi. Shemeji huwa ghalani mpaka alasiri, na mzigo ungeshushwa kwenye chumba kipya cha dada asubuhi. Mimi nilikwenda kuchukua mfuko wa mwisho na dada mwenyewe. Alikuwa ameshautoa mkasi kwenye unga, akaufuta, akautumbukiza juu ya nguo zilizobaki. Tulikuwa ukumbini, mkono wa dada uko kwenye kitasa cha ule mlango wa bega, tuliposikia honi getini.

Tulichungulia. Lilikuwa gari la duka, na juu yake, limefungwa kamba, bao letu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Dereva wa duka lile, mtu mnene mcheshi, alikuwa ameleta milango, madirisha, bati, sinki, taa na rangi kwenye nyumba ile kwa miaka yote. Mzee aliandika vizuri mahali papya, karatasi iko mfukoni kwa dereva, lakini alipoambiwa mzigo ni wa Bwana Ukarabati hakuona haja ya kusoma. Njia aliijua hata akifumba macho. Na nyuma ya gari lake alikuja shemeji kwa pikipiki, amelikuta njiani na kulifuata kwa furaha.

"Nimeomba ruhusa," shemeji alisema akiingia, anafuta viatu mlangoni. "Nikasema leo nishuhudie kaunta inavyowekwa. Shemeji, upo? Umebeba nini tena, si nguo umechukua juzi?"

"Mashuka," nikasema. Nikaukaza mfuko begani.

Dereva na mpagazi wake waliliingiza lile bao kwa kuhema, wakagonga ukuta, wakapita jikoni, wakalilaza juu ya kabati. Lilivuka sinki, likavuka mlango, likatokeza ukumbini kama ulimi. Dereva akacheka.

"Leo dukani wamelewa," akasema. "Hili si la jikoni, hili la karamu. Usijali, bosi, nina msumeno kwenye gari, tunalikata."

Shemeji hakucheka. Alichomoa mita kiunoni kwa dereva, akapima bao, akapima pengo. Akaiachia mita ikajirudisha yenyewe kwa kishindo. Dada alikuwa amesimama ukutani.

"Mke wangu," shemeji akasema taratibu, "hajawahi kukosea kipimo."

Akaenda chumbani. Tulisikia kabati la nguo likifunguliwa, safari hii upande wa dada. Niliushika mkono wa dada nikauvuta, tukapiga hatua mbili za kuelekea mlangoni, shemeji akawa ameshatoka. Alinipita mimi kama kiti. Alimpiga dada ngumi ya mdomo, dada akagonga fremu ya mlango na kuanguka, akamfuata chini kwa mateke ya mbavu, viatu vyake vile vinavyong'aa, na kila teke alikuwa anauliza, "Unahamia wapi? Unahamia wapi?" kama anauliza njia. Nilimrukia mgongoni. Nilimng'ata sikio, na naomba nisiseme uongo, nilifurahi nilipohisi linaachia. Akanibamiza kwenye friji, nikasikia ubavu wangu mmoja ukikatika, pumzi ikaniishia. Mfuko uliniponyoka, ukamwaga sakafuni nguo za ndani, soksi na kila tulichoficha.

Dereva na mpagazi walikuwa wamepigwa na butwaa. Miaka yote walileta vifaa kwenye nyumba ile na kupewa soda, na sasa walikuwa wanaona vilikotoka. Mpagazi alikuwa anatazama miguu yake. Dereva akasema, "Bosi, bosi," kwa sauti ndogo isiyomfanana.

Shemeji alinyanyuka, anahema. Damu ya sikio ilikuwa inamchuruzika kwenye kola ya shati nililolifua mimi. Akaegemea lile bao kwa kiganja cha kushoto, vidole vimetanuka, mtu anayepumzika katikati ya kazi, akamwelekezea dereva kidole cha mkono wa pili.

"Kata," akasema. "Kata ukubwa wa hapa, mlipigilie misumari lisitoke tena. Nimelilipia, litakaa hapa. Na huyu atakaa hapa."

Dada alikuwa ameshasimama. Sikumwona akisimama. Mdomo wake wote ulikuwa mwekundu na mkononi alikuwa na mkasi wake, umefungwa, ameushika kwa ngumi. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisogea hadi kwenye bao kama alivyokuwa akisogea kwenye meza yake zamani, akaangalia ule mkono mara moja tu, akaushusha mkasi kwa nguvu zake zote kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulipita nyama, ukaingia kwenye mbao, ukasimama humo.

Sitaielezea sauti aliyotoa shemeji. Alijaribu kuuvuta mkono, akaona kinachotokea akiuvuta, akaacha. Alipiga magoti huku mkono umebaki juu. Mwanamume aliyevunja bega, meno na mtoto alikuwa anamwita mama yake jikoni, mbele yangu mimi na dereva wa mizigo.

Dada alitema damu kwenye sinki, lile la kidole, akafungua maji ikaenda. Kisha akamgeukia dereva.

"Msikate," akamwambia. "Pelekeni kule nilikoandikisha."

Dereva akaingiza mkono mfukoni, akaitoa karatasi, akaisoma kwa mara ya kwanza. "Samahani, mama," akasema. "Nilikuwa sijasoma." Dada aliuchomoa mkasi, akaufuta kwenye shati la mumewe, pande zote mbili, akanipa niuweke kwenye mfuko. Wanaume wawili walilibeba bao na damu yake, dada akanishika kiunoni upande usiovunjika, tukatoka kwa mlango ule wa mbao nzito. Tuliuacha wazi. Majirani walikuwa wameshajipanga getini. Mwanamke mmoja akauliza, "Jamani, mnahamisha tena kaunta mpya?"

Tulingoja polisi. Kila honi ilitushtua, na nililala na chuma cha pasi kando ya mto. Hawakuja. Habari tuliipata baadaye kwa yule muuguzi, alipoziondoa nyuzi za dada. Shemeji alikwenda hospitali ile ile, mkono umefungwa kwa taulo. Alipoulizwa ameumiaje, alijibu ameteleza jikoni. Muuguzi alimtazama, akamwambia jiko lile lina utelezi sana, akamshona bila kuuliza tena. Sindano ya ganzi, alituambia akifunga droo, siku ile hakuiona ilipo.

Mama alikuja mara moja tu kumrudisha dada. Aliingia chumbani, akaona bao refu limelazwa juu ya miguu ya chuma, dada kasimama nyuma yake na futi kamba shingoni, uso una rangi zote. Mama akaanza na ile nyumba. Dada akamkatiza: "Mama, bati jekundu lilikuwa mjukuu wako." Akamhesabia vyote, mlango hadi taa, kwa sauti ile ile anayotaja vipimo. Mama alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini sakafuni. Hakuitaja nyumba tena maisha yake.

Sisemi hofu iliisha. Dada anafunga komeo mbili, na mtu akiingia bila kubisha mkono wake unaufuata mkasi kabla ya macho kuinuka. Usiku mmoja mmoja anapiga kelele usingizini nami naupiga ukuta kumwamsha. Lakini wateja walirudi. Sare zilirudi, maharusi walirudi, hata yule mwenye bega lililoshuka. Bao lile lina rangi tatu na tundu moja. Nilililowesha kwa maji baridi, nikasugua, chumvi, sabuni, kila ninachokijua. Kwenye nguo ingetoka, mbao imekunywa. Mteja akiuliza, dada anasema ni alama ya kuanzia kupimia, na kweli anaanzia hapo.

Msimu wa sare ulipopita nikamkuta anashona mapazia. Kitambaa kizuri, kizito, cha kijani. Nikauliza ni ya nani. Akasema ni ya dirisha la jikoni, kule.

"Umerukwa na akili?" nikamwambia. "Unamshonea yule?"

"Nyumba ile ina desturi yake," dada akasema huku pini ziko mdomoni. "Anayeumiza hutengeneza. Mimi nimeumiza mara moja, natengeneza mara moja. Sitaki deni lake."

Hakwenda kupima. Dirisha lile alikuwa nalo kichwani, alilitazama miaka yote akiwa anaosha vyombo. Aliyapiga pasi mwenyewe, akayakunja, akampa dereva wa duka, ambaye siku hizi hapiti kwetu bila kusimama, na hatii kitu garini bila kusoma karatasi mara mbili. Dereva akaenda akarudi, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Yametosha," akasema. "Sawasawa kabisa, juu na chini."

"Kayatundika mwenyewe?" dada akauliza.

"Mwenyewe. Kwa mkono mmoja."

Dada akaitikia kwa kichwa. Akavuta kitambaa kingine, akakitandaza juu ya kaunta, akakinyoosha kwa viganja, akakata.